Nani aongoze idara ya kuchovya: fundi wa matangi, mkemia, au msimamizi wa uzalishaji?

Kiti cha mkuu wa idara ya kuchovya metali kwa umeme, yaani kuipaka tabaka jembamba la metali nyingine ndani ya tangi, kikiwa wazi, majina matatu hutajwa kabla ya mengine. La kwanza ni la fundi aliyekaa na matangi miaka mingi kuliko mtu yeyote kiwandani. La pili ni la mkemia wa maabara, mara nyingi kijana aliyetoka chuo miaka michache iliyopita. La tatu ni la msimamizi wa idara nyingine, tuseme ya kukata na kukunja mabomba, anayesifika kwa kutimiza oda kwa wakati. Kila jina lina watetezi wake, na kwa kawaida ubishi huishia kwenye tabia za watu: huyu mkali, huyu mpole, yule mdogo mno. Kazi yenyewe inadai nini, hilo husahaulika.

Hapa nawalinganisha watatu hao kwa vigezo vilevile. Idara ninayoifikiria ni ya kawaida katika viwanda vya kwetu, iwe Nairobi au Dar es Salaam: laini moja ya zinki kwa bolti, bawaba na mabano, na laini nyingine ya nikeli na kromu kwa mabomba ya viti na vitanda. Watu wako kati ya 10 na 25, zamu ni mbili, na sehemu kubwa ya kazi bado ni ya mikono: kufunga vipande kwenye ndoano, kuinua, kushusha, kusuuza, kufungua.

Vigezo, na kwa nini hivi

Fundi wa lezi akikosea kipimo, anakiona kabla hajakitoa kipande kwenye mashine. Idara ya kuchovya haina bahati hiyo. Mafuta yaliyobaki kwenye bomba saa mbili asubuhi hufunikwa na nikeli, kisha na kromu. Kipande hutoka kinang'aa, hufungwa, hupakiwa, na malengelenge hujitokeza wiki tatu baadaye kwenye ghala la mteja. Kasoro haionekani pale inapozaliwa. Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza ni kutafuta chanzo: mtu huyu ataweza kutoka kwenye kasoro iliyo mkononi na kurudi nyuma hatua tano hadi pale ilipoanzia?

Cha pili kinafuata hapohapo: mamlaka ya kusimamisha kazi. Tangi likiharibika, kila mzigo unaoshushwa ni hasara inayoongezeka kimyakimya. Je, atasimamisha? Na akisimamisha, atasikilizwa na walio chini yake, na pia na meneja wa mauzo aliyemwahidi mteja kuwa gari litaondoka saa kumi?

Cha tatu ni usalama na majitaka. Cha nne ni watu na zamu, yaani ratiba, makabidhiano, nidhamu, na kuwafundisha wapya. Cha tano ni gharama, na hapo simaanishi mshahara peke yake. Kumpandisha mtu ni kumwondoa mahali alipokuwa, na pengo hilo lina bei yake.

Wa kwanza: fundi wa matangi

*Kutafuta chanzo.* Fundi mzuri anajua mambo ambayo hakuna karatasi ya vipimo inayoyasema. Kipande kikitoka kwenye maji ya kusuuzia anakiinua na kutazama: maji yakitanda sawasawa juu ya chuma, mafuta yameisha, yakikatika na kujikusanya vitone vitone, kirudi kwenye kostiki, dawa ya kuondolea mafuta. Anaijua fremu ya ndoano ambayo plastiki yake imepasuka. Fremu hiyo huficha asidi ya kromu ndani ya ufa, kisha kwenye mzunguko unaofuata inaidondosha kwenye tangi la nikeli. Miligramu chache za kromu hiyo katika kila lita zinatosha kuleta michirizi myeusi na tabaka linalobanduka. Mkemia atapima nikeli, ataikuta sawa, na atakuna kichwa. Fundi atakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya fremu.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa huku tunalijua kuliko wenzetu wa nchi zenye umeme wa uhakika. Umeme ukikatika wakati mabomba yako ndani ya nikeli, uso wa nikeli huanza kulala ndani ya muda mfupi. Ukiurudisha umeme na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, tabaka jipya halitashika vizuri juu ya la zamani, na kipande kitakuja kubanduka tabaka kwa tabaka. Fundi anayejua atautoa mzigo, ataupitisha tena kwenye asidi ili uso uamke, au atauweka pembeni ukamenywe na kuanza upya. Kwenye zinki ya asidi atahangaikia jambo jingine: vipande vilivyoachwa bila umeme, pamoja na vile vilivyodondoka chini ya tangi, huliwa na maji ya tangi na kuyajaza chuma. Maamuzi haya hufanywa ndani ya dakika chache, gizani, jenereta ikisubiriwa. Mtu wa kuyafanya hupatikana kwa miaka, hapatikani kwa semina ya siku mbili.

Udhaifu wake ni jicho lilelile analolitegemea. Dawa ya kung'arisha huliwa kadiri umeme unavyopita tangini, kwa hiyo huongezwa kwa hesabu ya ampea-saa (ampea mara saa). Mafundi wengi huongeza kwa kikombe, wakiona mng'ao umepungua. Ikizidi, nikeli inakuwa ngumu na kavu: inang'aa vizuri sana, halafu bomba likikunjwa kidogo inapasuka. Isitoshe, tatizo likiwa jipya kabisa, kwa mfano chuma kutoka kwa muuzaji mwingine au dawa yenye fomula tofauti, kumbukumbu haina cha kurejea.

*Mamlaka ya kusimamisha kazi.* Kwa mambo ya tangi, akisema toa, watatoa. Kwa nidhamu ni vigumu zaidi. Jana walikuwa wakichangia chapati za chai ya saa nne. Leo anatakiwa amwandikie mmoja wao barua ya onyo. Shida kubwa zaidi, naona, iko upande wa juu. Fundi aliyezoea kuambiwa "malizieni tu" anaweza kujua kabisa kwamba mzigo ni mbovu na bado akauachia, kwa sababu hajawahi kupewa ruhusa ya kusema hapana mbele ya ofisi. Ukimteua, mpe ruhusa hiyo kwa maandishi, na watu wa mauzo wapate nakala.

*Usalama na majitaka.* Anaijua hatari, lakini ameizoea. Tangi la kromu hutumia sehemu ndogo sana ya umeme kuweka metali; sehemu kubwa huzalisha gesi, na gesi hiyo hupanda na ukungu wa asidi. Kromu ya aina hiyo, ile ya heksavalenti, imewekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani vinavyofahamika, na huweza kutoboa ukuta unaogawa pua. Mtu aliyepumua ukungu huo miaka mingi bila barakoa huwafundisha vijana kwa mfano wake kwamba barakoa ni ya waoga. Hapa ndipo ningembana zaidi kabla ya kumpa cheo.

*Watu na zamu.* Anamjua kila mtu, nani mwepesi wa mkono, nani huchelewa siku za mwisho wa mwezi. Tatizo ni kwamba idara inakuwa kichwani mwake. Akiwa zamu ya mchana, zamu ya usiku inafanya kazi kwa kubahatisha.

*Gharama.* Mshahara wake hautakushtua. Lakini umeuondoa kwenye matangi mkono wako bora, na huyo wa kumrithi ulimwandaa lini?

*Anamfaa* mwenye idara ndogo, zamu moja au mbili, aina chache za kazi zinazojirudia, na umeme wa kukatikakatika.

Wa pili: mkemia wa maabara

*Kutafuta chanzo.* Silaha yake ni kipimo. Tangi la nikeli la kung'arisha bado limejengwa juu ya fomula aliyoitoa Oliver Watts mwaka 1916: salfeti ya nikeli gramu 240 hadi 300 kwa lita, kloridi ya nikeli, na asidi ya boriki gramu 30 hadi 45, yote kwenye joto linalozungukia nyuzi 55. Mkemia anapima kila kimoja na kukuambia kipi kimeshuka. Asidi ya boriki ikipungua, kingo za vipande huanza kuungua, na hakuna kiasi cha dawa ya kung'arisha kitakachoponya hilo. Fundi wa kikombe angeendelea kumimina.

Halafu ana kisanduku cha Hull, chombo kidogo cha mililita 267 chenye bati lililosimamishwa kwa mshazari. Kwa kuwa upande mmoja wa bati uko karibu na anodi (ncha chanya ya umeme) na mwingine uko mbali, bati moja la dakika tano au kumi linaonyesha jinsi tangi litakavyofanya kwenye umeme mkali na kwenye umeme hafifu. Mkemia anaweza kujaribu tiba hapo, kwa chini ya glasi mbili za maji ya tangi, badala ya kuijaribu kwenye lita 3,000. Kama kuna kitu kimoja ambacho kila idara inapaswa kununua hata kabla ya kuajiri mkuu, ni hicho.

Pia anaweza kuhesabu. Mzigo wenye eneo la desimita za mraba 150 kwa ampea 4 kwa kila desimita ya mraba unahitaji ampea 600. Nikeli hujenga takriban maikroni 12 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa saa kwa kila ampea moja kwenye desimita ya mraba, kwa hiyo dakika 20 zinatoa kama maikroni 16. Hesabu hiyo ikibandikwa ukutani kwa kila aina ya kipande, ubishi mwingi wa rektifaya, mashine inayolisha tangi umeme, unakwisha.

Lakini kuna sentensi mbaya sana katika idara hizi: vipimo viko sawa. Viko sawa, na kazi inabanduka. Kwenye laini za mikono naamini kasoro nyingi huzaliwa kabla kipande hakijafika kwenye tangi linalopimwa: kostiki iliyochoka, maji ya kusuuzia yaliyogeuka supu, ndoano yenye kutu isiyopitisha umeme. Mkemia anayeongoza kutoka mezani atayajua hayo wa mwisho.

*Mamlaka ya kusimamisha kazi.* Mbele ya ofisi ana nguvu kuliko wote watatu, kwa sababu anakuja na namba na bati mkononi. Chini ni hadithi nyingine. Wazee wa matangi humwita binti wa maabara, au yule kijana wa chupa, na amri yake inaweza kutekelezwa taratibu mpaka ikafa. Nimeona wanaofanikiwa: hawaanzi na amri. Binti anashuka asubuhi, anamwamkia mzee shikamoo, anamwambia "Mzee, naomba unitazamie hiki kipande," kisha analitundika bati la Hull pale pale kando ya tangi ili kila mtu aone alama anayoizungumzia. Baada ya miezi michache, mzee huyohuyo ndiye anayewakemea vijana kwamba hawajapeleka sampuli.

*Usalama na majitaka.* Hapa sioni wa kushindana naye. Anajua kwa nini chumba cha sianidi, sumu kali inayotumika kwenye baadhi ya matangi, na chumba cha asidi havipaswi kuwa na mfereji mmoja: vikikutana hutoa gesi ya sianidi, na gesi hiyo haikupi nafasi ya kujifunza. Anajua kwamba majitaka ya kromu hutibiwa kwanza kwenye asidi, pH 2 hadi 3, kwa metabaisalfaiti ya sodiamu, ndipo pH ipandishwe hadi karibu 8 au 9 ili kromu itulie kama tope. Na kwamba sianidi inataka kinyume chake, haipokloraiti kwenye pH iliyo juu ya 10. Mtu asiyejua tofauti hiyo akipewa valvu, ni bahati tu inayowalinda watu. Mkaguzi wa mazingira akija, wa NEMA kwa Kenya au NEMC kwa Tanzania, mkemia atakuwa na daftari la kumwonyesha.

*Watu na zamu.* Kwa kawaida ni dhaifu, na sababu ni rahisi: maabara ni ya mchana. Zamu ya usiku humjua kwa jina tu.

*Gharama.* Mshahara wa juu kidogo, na uwezekano mkubwa wa kuondoka akipata nafasi kwenye kiwanda cha rangi au cha vinywaji. Vifaa si ghali ukilinganisha na tangi moja la nikeli lililoharibika. Gharama iliyojificha ni kwamba akiwa mkuu atatumia asubuhi nzima kwenye ruhusa za msiba na glavu zilizokwisha, na sampuli hazitapimwa. Ukimpa uongozi, mpe na msaidizi wa maabara, la sivyo umepoteza mkemia na hujapata kiongozi.

*Anamfaa* mwenye wateja wanaodai vyeti na vipimo vya ukungu wa chumvi (vya kuona kipande kitastahimili kutu kwa saa ngapi), mwenye matangi ya aina nyingi, au mwenye sianidi na kromu ya heksavalenti kwa wingi.

Wa tatu: msimamizi wa uzalishaji kutoka nje ya idara

*Kutafuta chanzo.* Hajui kemia, na hilo humlazimisha kuuliza maswali ambayo wengine wawili wameacha kuuliza. Kasoro hii ilitokea zamu ipi? Fremu namba ngapi? Mzigo wa ngapi baada ya tangi kusafishwa? Anaanzisha daftari la kurudiwa kwa kazi, na mwisho wa mwezi anakuonyesha kwamba sehemu kubwa ya malengelenge inatoka siku za Jumatatu, wakati kostiki haijapata joto na watu wameanza kuchovya hivyohivyo. Hakuhitaji bureti ya maabara kuliona hilo.

Tatizo lake linatokana na alikotoka. Kwenye mashine ya kukunja bomba, kupunguza sekunde ni faida tupu. Hapa muda ndio unene. Akipunguza nikeli kutoka dakika 20 hadi 15, zile maikroni 16 zinakuwa 12, na kwa macho hakuna atakayetofautisha. Kutu ndiyo itakayotofautisha, nyumbani kwa aliyenunua kiti. Mbaya zaidi ni bolti za chuma kigumu. Zikisafishwa kwa asidi na kuchovywa zinki, haidrojeni huingia ndani ya chuma, na bolti inaweza kukatika ghafla ikiwa tayari imekazwa. Tiba ni kuzioka tanurini, nyuzi 190 hadi 220 kwa saa kadhaa, na kuanza kuoka ndani ya saa chache baada ya kuchovya. Viwango vingi hutaja saa 4. Msimamizi mgeni huliona tanuri hilo kama mahali kazi inapokwama. Mtu amweleze mapema, na amweleze kwa bolti iliyokatika mkononi ikiwezekana.

*Mamlaka ya kusimamisha kazi.* Kwa nidhamu ndiye mwenye sauti. Hana urafiki wa zamani wa kumfunga na wala haogopi ofisi. Ila tazama anapimwa kwa nini. Kama bonasi yake inatokana na tani zinazotoka mlangoni, umemwajiri mtu wa kutosimamisha kazi. Mpime kwa tani zinazokubaliwa na mteja, ukiondoa zilizorudiwa, na atabadilika mwezi uleule.

*Usalama na majitaka.* Gambuti, glavu ndefu, aproni na miwani zitavaliwa, kwa sababu yeye huhesabu. Lakini anaogopa vitu visivyostahili na haogopi vinavyostahili. Anaweza kulalamika saa nzima kuhusu waya uliochubuka, halafu akamtuma kibarua kuosha sakafu ya chumba cha sianidi kwa asidi iliyobaki kwenye ndoo. Asikabidhiwe funguo za stoo ya dawa mpaka amepita mikononi mwa mtu anayezijua.

*Watu na zamu.* Ndipo thamani yake ilipo. Ratiba, likizo, makabidhiano ya dakika 15 yenye kusainiwa, orodha ya vipuri vya rektifaya na pampu za vichujio, kupanga mizigo inayofanana ifuatane ili umeme usibadilishwebadilishwe, kuzuia mabomba yaliyotoka kwenye asidi yasisubiri yakiwa na unyevu hadi yapige kutu upya. Idara nyingi zenye mafundi wazuri na dawa nzuri hupoteza fedha hapa tu.

*Gharama.* Miezi ya kujifunza, ambayo italipiwa kwa kazi za kurudiwa. Na manung'uniko ya fundi mkongwe aliyeamini zamu yake ilikuwa imefika. La pili ni ghali kuliko la kwanza. Fundi akinuna, maarifa yake hununa naye.

*Anamfaa* mwenye laini kubwa, zamu tatu, au laini ya winchi za kujiendesha, ambaye tayari ana mkemia na mafundi imara lakini kazi haitoki kwa mpangilio.

Na kugawa kiti je?

Wengi huona jibu hapo: fundi aongoze zamu, mkemia aongoze matangi, msimamizi aongoze karatasi. Inawezekana, ila iandikwe nani ana neno la mwisho juu ya kitu gani. Mpangilio ninaouamini ni huu: mwenye maabara ana haki ya kufunga tangi, na hakuna anayelifungua ila yeye, mkuu wa zamu ana haki ya kukataa mzigo usioandaliwa vizuri, mkuu wa idara anapanga watu na oda ndani ya mipaka hiyo miwili. Bila maandishi, zamu ya kwanza yenye haraka itawagonganisha, na wafanyakazi watajifunza kumfuata yule anayesema ndiyo.

Kwa hali yako

Kabla ya kuita mtu yeyote ofisini, chukua rekodi za kazi zilizorudi kwa mwezi mmoja au miwili. Kama huna rekodi, anza kuandika leo na uahirishe uteuzi. Gawa kasoro katika mafungu matatu: zilizotokana na maandalizi na ufungaji, zilizotokana na dawa na umeme wa tangi, na zilizotokana na haraka, ucheleweshaji au makabidhiano. Fungu la kwanza likiwa kubwa, fundi ana hoja nzito. La pili, mkemia. La tatu, msimamizi. Fungu moja likizidi mengine kidogo tu, vigezo vingine vinne ndivyo viamue.

*Una watu wasiofika kumi na laini moja ya zinki.* Fundi. Muuzaji wa dawa huweza kukupimia sampuli, na kwa idara ndogo huo ni msaada wa kweli. Ila kumbuka kwamba anayekuambia tangi linahitaji dawa ndiye anayeiuza. Nunua kisanduku cha Hull na umfundishe fundi kukisoma.

*Mteja wako ni wa vipuri vya magari, au anauza Ulaya.* Mkemia, au mtu yeyote mwingine akiwa na mkemia mwenye haki ya kufunga tangi. Mteja wa namna hiyo atauliza unene, atauliza saa za ukungu wa chumvi, na ataomba rekodi za tarehe fulani. Huko Ulaya, trioksidi ya kromu haitumiki bila idhini maalumu tangu Septemba 2017, kwa hiyo maswali kuhusu kromu yako yatakuja tu.

*Fundi wako mkongwe amebakiza mwaka mmoja au miwili kustaafu.* Usimpe ukuu wa idara, hata kama anaustahili kwa heshima. Mpe cheo cha mwalimu chenye nyongeza ya mshahara, umweke kijana mmoja kila zamu pembeni yake, na mkemia aandike anachokisema. Kiti akae mwingine. Muulize mwenyewe anamwona nani; jibu lake mara nyingi hupunguza nusu ya manung'uniko.

*Kuna sianidi ndani ya jengo.* Yeyote utakayemteua, asiye na maarifa ya kemia asiwe na neno la mwisho juu ya stoo, mifereji na majitaka. Kwa walio Kenya, kumbuka pia kwamba sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inadai kamati ya usalama pale penye watu 20 au zaidi. Mkuu wa idara aikalie kwa dhati, na fundi wa zamu ya usiku awemo.

*Unapanua, zamu zinaongezeka kutoka moja hadi tatu.* Msimamizi ana nafasi kubwa hapa, kwa sharti kwamba kila zamu ina fundi wake aliyekwisha iva. Kama huna mafundi watatu wa namna hiyo, tatizo lako si mkuu wa idara. Ahirisha zamu ya tatu.

*Unataka kuachana na kromu ya heksavalenti na kuhamia ya trivalenti.* Ukungu wa sumu unapungua sana na majitaka yanakuwa mepesi kutibu, lakini tangi lenyewe halisamehe: chuma, shaba, zinki au nikeli kidogo tu ikiingia humo, rangi inaharibika, na pH hulindwa siku hadi siku. Kwa mwaka wa kwanza wa mabadiliko hayo ningemweka mkemia kwenye kiti, fundi awe makamu wake mwenye jukumu la fremu na maji ya kusuuzia, na swali la kiti lifunguliwe upya tangi likishatulia.